Grand Canyon kwa miguu siku tano, njia ya Escalante: tarehe, maji na goti la shemeji

Swali limetoka kwa dada mmoja Mtanzania anayeishi Phoenix, nalifupisha. Yeye, mume wake na mdogo wa mume wake walishapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame wakafika kileleni wote watatu. Sasa wanataka kushuka Grand Canyon na mabegi mgongoni, wamesikia Escalante Route ni njia ngumu isiyo na msongamano, wamepanga mwisho wa mwezi wa sita maana ndo likizo yao, siku tatu, usiku mbili. Anauliza kila mtu abebe maji kiasi gani, na kama goti la yule mdogo mtu, linalouma akishuka ngazi, litavumilia.

Dada, nianze na tarehe kabisa kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo: mwisho wa mwezi wa sita hapana. Nakuambia kama mtu aliyefanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro na sasa anaishi Flagstaff, hili korongo nalijua kwa miguu na nalipenda, na ningependa nyie mlipende pia, ndo maana sitaki mkutane nalo mwezi huo. Kule chini mtoni wastani wa joto la mchana mwezi wa sita ni kama nyuzi 38, wa saba kama 41, na hizo ni nyuzi za kivulini, na njia mnayoitaka kivuli hamna, yaani kuna sehemu utatembea masaa unatafuta jiwe la kuficha kichwa tu hulioni. Na kinachodanganya watu ni kwamba juu pale mnapoanzia, Lipan Point, ni karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, alfajiri utavaa jaketi kabisa, upepo unapuliza, unajiona uko fiti, halafu kila unavyoshuka joto linapanda na wewe ndo unazidi kuchoka.

Umeuliza maji lita ngapi, kwa hiyo ngoja nieleze kwa nini mwezi wa sita hata jibu la lita halisaidii. Hewa ikishakuwa na joto kuliko mwili wako, kitu pekee kinachokupoza ni jasho. Ukitembea na mzigo kwenye joto lile unaweza kutoa jasho zaidi ya lita moja kwa saa, na tumbo nalo lina kiwango chake cha kupokea maji, ukilizidishia linakataa unaanza kutapika. Lita moja ni kilo moja. Ukiongeza maji umeongeza mzigo, ukiongeza mzigo umeongeza jasho, na unazunguka hapo hapo. Dawa yake ni kubadilisha mwezi, sio kuongeza chupa.

Miezi mizuri ni kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa wa nne, au wa kumi mpaka mwanzo wa kumi na moja. Mi nawashauri katikati ya mwezi wa kumi kwenda mbele. Mchana chini unakuwa kwenye nyuzi 25 mpaka 29 hivi, usiku unalala vizuri, na juu kwa kawaida barafu bado haijaanza. Mwezi wa tatu kule juu njia inaweza kuwa na barafu ngumu kama kioo, hasa mtakapotokea, Grandview, na mkienda kipindi hicho lazima mbebe zile chuma za kuvalisha kwenye soli. Kuanzia wa saba mpaka wa tisa ni msimu wa mvua za radi, na kwenye hii safari kuna korongo jembamba mtapita ndani yake, nitalifikia, mvua hizo huzitaki ukiwa ndani yake. Ubaya wa mwezi wa kumi ni siku fupi, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kila siku mnatoka mapema, uji mnaunywa kwa tochi za kichwani.

Halafu siku tatu kwa njia hii ni kujitesa. Kutoka Lipan Point mpaka kutokea Grandview ni kama kilomita 50, na usizipige hesabu kwa mwendo wako wa barabarani, kuna kilomita pale zinakula saa nzima. Ombeni siku tano, usiku nne. Kibali cha kulala kule chini kinatolewa na hifadhi kwa bahati nasibu kwenye tovuti ya recreation.gov, na maombi yanafunguliwa karibu miezi minne kabla, kwa hiyo mkitaka mwezi wa kumi anzeni kuchungulia tovuti mwezi wa tano. Kibali kinaandika mtalala eneo gani kila usiku, ndo maana mpango wa siku lazima uwe umeshakaa vizuri kabla hamjaomba.

Sasa kuhusu Kilimanjaro, maana naona kwenye swali lako mnaitumia kama kipimo. Kufika Uhuru ni jambo kubwa na linaonyesha mna moyo wa kuvumilia. Lakini fikiria mlivyotembea: wapagazi walibeba hema, chakula, gesi, maji yalichemshwa mkaletewa, mwongozaji yuko mbele anawaambia pole pole, nyie mgongoni mna kibegi chenye koti la mvua na chupa mbili. Na mlima una utaratibu wake wa haki, unapanda kwanza ukiwa na nguvu, ukishindwa unageuka na mteremko unakusaidia kurudi. Korongo limepindua kila kitu. Siku ya kwanza unateremka tu, mzigo ukiwa mzito kuliko siku zote, kila hatua inakupeleka mbali na gari, na kurudi ndo kupanda. Mtu anaweza kujiingiza mahali kwa masaa matano ambapo kutoka kutamchukua kumi na mbili. Unakumbuka siku ile mmetoka kileleni mkashuka mpaka Mweka, magoti yalivyokuwa? Siku yenu ya kwanza hapa itakuwa nusu ya ule mteremko, karibu mita 1,400 za kushuka, ila na kilo kumi na tano au kumi na sita mgongoni.

Ndo maana ukipanga safari ya korongo la jangwani usianze na kilomita, anza na maji. Unachukua ramani, unaweka alama pale tu penye maji ya uhakika, halafu unajiuliza kati ya alama na alama ni masaa mangapi kwa mtu wenu mwenye mwendo wa chini kabisa, na hizo ndo siku zako. Vijito vingi vilivyoandikwa kwenye ramani ya Escalante ni vikavu karibu mwaka mzima: Tanner, Cardenas, Escalante, Papago, vyote mchanga na mawe. Maji yenu ni mto Colorado wenyewe kwa siku tatu za mwanzo, halafu Hance Creek siku ya nne na chemchemi ya Page siku ya tano, basi.

Siku ya kwanza mnatoka Lipan Point kwa njia ya Tanner. Kuanzia juu mpaka mtoni ni kama kilomita 14 na hakuna tone la maji popote, nawaomba mlichukulie hilo neno kama lilivyo. Kila mtu lita nne mpaka tano. Mwanzo unashuka kwa kasi, njia ina kokoto zinazobiringika chini ya kiatu, halafu unafika sehemu ya kupumzisha magoti, njia inazunguka vilele viwili, Escalante Butte na Cardenas Butte, karibu tambarare kwa kilomita kadhaa. Hapo watu wanafurahi, wanaanza kupiga picha, wanasema kumbe rahisi. Mwisho wa ule utambarare mnasimama juu ya Redwall, ukuta mkubwa wa mawe ya chokaa, na mto mnauona kule chini unang'aa kama vile mtafika nusu saa ijayo. Msiamini macho. Mwaka 1540 Wahispania wa kwanza kuliona hili korongo waliletwa na viongozi wa Kihopi, wanaume watatu wepesi wakajaribu kushuka mtoni, wakarudi saa kumi jioni wamefika theluthi moja tu ya njia, wakasimulia kwamba mawe yaliyoonekana toka juu kama urefu wa mtu, ukiyafikia ni marefu kuliko mnara wa kanisa kuu la Seville. Macho yetu hayajazoea ukubwa huu, ya wale hayakuzoea na ya kwenu hayatazoea. Kutoka juu ya Redwall mpaka mtoni bado mna masaa matatu mpaka manne, sehemu ngumu zaidi ya siku iko hapo, mteremko mkali wa mawe yaliyolegea, na baada yake vilima vyekundu vya udongo mgumu visivyo na mti wala kichaka cha maana. Kuleni na kunyweni vizuri kabla ya kuanza kushuka Redwall, hata kama hamna njaa.

(Hii njia ya Tanner mwishoni mwa miaka ya 1800 ilitumiwa na wezi wa farasi kuvusha mali ya wizi, ukifika pale utajiuliza hao farasi walipitaje.)

Mkifika ufukweni Tanner lala hapo, msiongeze safari. Hema liwekeni juu kutoka kwenye maji, msivutiwe na mchanga laini wa pembeni kabisa. Mto huu unatoka kwenye bwawa la Glen Canyon, wanafungulia maji kufuatana na mahitaji ya umeme, kwa hiyo unapanda na kushuka ndani ya siku moja bila mvua yoyote, na viatu ulivyoacha pembeni jioni unaweza usivikute. Na msiogelee. Maji yanatoka chini ya bwawa, ni ya baridi kali, na mkondo una nguvu hata pale panapoonekana pametulia. Jimwagieni kwa kikombe mkiwa mmesimama kwenye maji ya vifundoni, inatosha kabisa kuondoa joto la siku.

Siku ya pili ni ndefu lakini ndo inayokaa moyoni. Mnafuata mto kwenda chini, mnapita Cardenas, halafu njia inaacha mto inapanda juu ya ngema inayotazama Unkar. Ng'ambo ya mto mtaona uwanda mpana, wazee wa zamani wa jamii za Pueblo waliishi pale na kulima zaidi ya miaka 800 iliyopita, misingi ya nyumba zao bado ipo. Mkikuta vigae vya vyungu njiani upande wenu tazameni mviache pale pale, sheria inakataza kuchukua na hata bila sheria ni mali ya wenyewe, wajukuu zao wapo mpaka leo. Pale Cardenas ndo mahali pa kujaza chupa, kila mtu lita tatu, kwa sababu kutoka hapo mpaka mrudi mtoni kwenye mdomo wa Escalante Creek ni masaa mengi ya kupanda na kushuka mkiwa mnauona mto hamwezi kuufikia. Mnaweza kulala hapo Escalante, au kama nguvu ipo msonge mpaka mdomo wa 75 Mile Canyon.

Hilo 75 Mile ndo korongo jembamba nililosema. Njia inakupeleka juu pembeni mwa ukingo wake kwanza, inaonekana kama inakurudisha ulikotoka, wengi wanadhani wamepotea hapo, mpaka unafika pa kuingilia, unashuka ngazi mbili tatu za mwamba kwa mikono, halafu unatembea ndani ya ufa wenye kuta ndefu pande zote mpaka unatokea mtoni. Pazuri mno, na ni baridi, kivuli cha kwanza cha kweli tangu mmeanza safari. Ila ukiona mawingu mazito au umesikia radi, hata kama ni mbali, hata kama juu yenu mbingu ni bluu, msiingie. Maji ya mvua iliyonyesha mbali yanakuja kwenye ufa kama ule na mawe na magogo, na humo ndani hakuna pa kukimbilia. Kaeni nje mlale, kesho mtapita.

Siku ya tatu kwenye ramani ni fupi na ndo yenye Papago. Mnafika kwenye ufuko mdogo, mbele yenu mto unagonga mwamba, hakuna njia ya pembeni, njia inapanda ukuta wenyewe. Ni kama mita 12. Usiogope, vishikio vipo, ni kama ngazi isiyo sawa, lakini na begi kubwa mgongoni linakuvuta nyuma. Fanyeni hivi: aliye mwepesi zaidi wa kupanda aende kwanza bila begi, abebe kamba ya mita 15 hivi, avute mabegi moja moja, halafu wengine wapande mikono mitupu. Fimbo za kutembelea zifungwe kwenye begi, zisining'inie mkononi. Mtu mmoja ukutani kwa wakati mmoja, wengine wakae pembeni, sio chini yake.

Mkishapanda mnatembea kidogo halafu linakuja poromoko la mawe la kushuka nalo, na mi naliheshimu hilo kuliko ukuta. Ni mteremko mkali wa mawe makubwa na madogo, mengine yana ukubwa wa friji na yanacheza. Msishuke mkiwa mmepangana juu na chini. Mmoja ashuke mpaka mahali penye kinga, atoke kwenye mstari, apige kelele, ndo mwingine aanze. Jaribu kila jiwe kwa mguu kabla hujaliachia uzito. Jiwe likiondoka, piga kelele hapo hapo, usisubiri kuona linaelekea wapi. Inaweza kuchukua saa nzima kwa umbali mdogo sana, na iwe hivyo. Baada ya hapo mnafika Hance Rapid jioni, mto unanguruma pale usiku kucha, miamba imekuwa myekundu kama matofali, mtalala fofofo.

Sasa kutoka Hance Rapid mnayo njia moja ya kutokea mapema, New Hance, inapanda moja kwa moja mpaka barabarani. Iwekeni kichwani kama mlango wa dharura, mfano mtu kaumwa au hali ya hewa imebadilika, lakini ni kali na haina maji ya kutegemea. Mpango wenyewe ni siku ya nne mfuate njia ya Tonto kwenda Hance Creek, kama kilomita kumi. Jazeni mtoni kabla ya kuondoka, lita tatu nne, maana Mineral Canyon mnayovuka katikati msiitegemee. Hance Creek ina maji yanayotiririka mwaka mzima na ina miti, baada ya siku tatu za mawe utaona majani ya kijani kama kitu cha sherehe.

Siku ya tano ni kupanda kama mita 1,100 mpaka Grandview. Amkeni gizani, muwe njiani kabla jua halijatoka. Mnapita chemchemi ya Page, jazeni hapo, ni maji ya mwisho, mnapanda Redwall kwa njia nyembamba yenye shimo upande mmoja, mnatokea Horseshoe Mesa. Pale kulikuwa na machimbo ya shaba, njia ya Grandview yenyewe ilijengwa na wachimbaji miaka ya 1890 ili nyumbu (chotara wa punda na farasi) wapandishe mawe ya shaba, na bado mtaona magogo waliyoyapanga kushikilia njia kwenye ukuta. Mashimo ya machimbo msiingie. Hapo ndo pole pole ya Kilimanjaro inafanya kazi kweli kweli, mwendo ambao mnaweza kuongea bila kuhema, na kila saa mnakaa dakika kumi miguu juu ya begi. Gari lenu liwe Grandview linawasubiri, na siku ya kwanza mchukue teksi au rafiki awapeleke Lipan Point, mabasi ya bure ya hifadhi hayafiki vituo hivyo viwili. Kumaliza siku ya tano halafu uanze kuomba lifti na miguu ile haipendezi.

Kwenye maji kuna jambo moja watu wa Marekani wanalihangaikia sana na sisi tulishalijua toka kwa bibi zetu. Mto Colorado unaungana na Little Colorado juu kidogo ya Tanner, na huyo mdogo akifurika mto wote unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiweka filta kwenye maji hayo inaziba siku ya kwanza, na filta iliyoziba siku ya pili ya safari ni tatizo kubwa. Bebeni ndoo ya kukunja, na bebeni shabu, ile ile iliyotumika vijijini kutulizia maji ya mtungi, ya unga kijiko kimoja kidogo kwenye kikopo kinatosha safari nzima. Jioni chota ndoo, weka shabu kidogo sana ya kushika kwa vidole viwili, koroga dakika moja, acha. Nusu saa baadae tope lote liko chini, juu unachota maji meupe taratibu na kikombe bila kutikisa, ndo unachuja kwa filta au kuweka vidonge. Shabu inatoa tope, haiui vijidudu, kwa hiyo msiruke hatua ya pili. Kama mmesahau shabu, ndoo ikilala usiku kucha asubuhi inakuwa afadhali.

Chumvi ni muhimu sawa na maji. Mtu akinywa maji matupu siku nzima na anatoka jasho, chumvi ya mwilini inashuka, anaanza kichefuchefu, kichwa kinauma, anachanganyikiwa, wenzake wanadhani ana kiu wanamwongezea maji na wanamharibu zaidi. Kila ukinywa, tafuna kitu chenye chumvi. Kila mtu awe na paketi za ORS, mbili kwa siku. Na huko kutumia lita nne kwa siku ndo kiwango cha kawaida cha mwezi wa kumi, kama mkojo umekuwa wa rangi ya chai ongeza, kama kila dakika ishirini mtu anaenda kukojoa mkojo mweupe basi apunguze na ale.

Chakula sitawachosha: karanga za chumvi, tende, kashata, chapati za siku mbili za kwanza, uji wa ulezi uliochanganywa maziwa ya unga, wali wa kukaushwa au tambi za jioni. Chakula chote kifungwe kwenye mfuko wa nyavu za chuma au kopo gumu, kunguru wa kule wanafungua zipu, nawaambia kitu nilichokiona kwa macho, na usiku panya wanakata begi. Asubuhi kung'uta viatu, nge wapo. Moto wa kuni marufuku, jiko la gesi tu. Haja kubwa chimbeni shimo kama sentimita 15, mita 60 kutoka kwenye maji, karatasi mnazibeba kurudi nazo. Haja ndogo, na hapa mtashangaa, hifadhi inataka mkojoe mtoni moja kwa moja, kwa sababu ufuko ni mdogo, mvua ni chache, na mchanga ungenuka kwa miezi, wakati mto ni mkubwa unabeba.

Simu hazishiki. Kodini kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti chenye kitufe cha dharura, na mtu mmoja Phoenix awe na karatasi ya mpango wenu: siku, mahali mtakapolala, namba ya gari, na saa ya mwisho ambayo akiwa hajasikia kitu anapiga simu hifadhi. Kitufe kikibonyezwa msaada unaweza kuchelewa mpaka kesho yake, helikopta hairuki kwenye upepo mbaya, kwa hiyo kila mtu abebe chakula cha siku moja ya ziada.

Nimefika kwenye goti la shemeji. Umesema linauma akishuka ngazi, na siku yenu ya kwanza ni mita 1,400 za kushuka. Sitaki kukuambia hapana bila kumwona, na sitaki kukuambia ndio pia. Kwanza aende kwa daktari au mtu wa mazoezi ya viungo aseme goti lina nini. Akiruhusiwa, mna muda mpaka mwezi wa kumi: mara mbili kwa wiki apande South Mountain au Camelback hapo Phoenix alfajiri kabla ya joto, na macho yawe kwenye kushuka, hatua fupi, goti limekunjika kidogo, fimbo mbili mkononi, aanze na begi tupu aongeze kilo mbili mbili. Wote watatu mfanye hivyo hivyo.

Halafu kabla ya Escalante fanyeni safari ya majaribio na mabegi yale yale, hata hifadhi yenyewe inashauri mtu aanze na njia zao za kawaida kabla ya kwenda kule kusiko na watu. Ombeni usiku mmoja au mbili kwa njia ya Bright Angel, lala Havasupai Gardens, iko karibu nusu ya njia kwenda mtoni, maji yapo na renja yupo. Angalieni tovuti ya hifadhi kwanza maana bomba la maji na njia hufungwa kwa matengenezo. Mkishuka pale na kesho yake goti lake likawa limevimba au anashindwa kupanda bila maumivu, Escalante mwaka huu asiende, na nyie wawili msiende bila kukaa naye mkaamua pamoja, maana kibali ni cha kundi na kule Papago mtu wa tatu wa kuvuta mabegi anahitajika. Kama goti limekaa kimya, niandikie majina ya vituo mlivyopata kwenye kibali na uzito wa kila begi, nitakupangia lita za kila siku kwa kila mtu.